Kisanduku Kisichojibu

Dada aliyekaa karibu na dirisha aliandika USHONGO kabla sauti haijaisha. Akapiga mstari chini yake, akalaza kalamu, akatazama nje kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Kisanduku kilikuwa kimesema Ulenge.

Tulikuwa ghorofani Chumbageni, hapa Tanga, saa nane mchana, upepo umelala na feni tumeizima kwa sababu inatia mvumo kwenye redio. Waliokaa mezani ni watu wa zamu ya kusikiliza redio za baharini: wengine wa vikundi vya wavuvi, wengine wa boti za abiria, na wawili watatu ambao ndiyo kwanza wanajifunza. Kila mmoja ana hedifoni, karatasi na kalamu. Kisanduku kinaiga wito wa hatari, wao wanaandika: chombo gani, kiko wapi, kina watu wangapi, kimepatwa na nini.

Kwa mtu wa pwani hii sina haja ya kueleza sana. Ulenge iko hapo mdomoni mwa ghuba, mnara wake wa taa tunaujua. Ushongo iko huko kusini: upite Kigombe, upite Pangani, ndiyo ufike. Boti ya uokozi ikitumwa Ushongo kumtafuta aliye Ulenge, inakwenda ikimpa mgongo.

Pembeni ya yule dada alikaa nahodha mmoja mtu mzima, wa majahazi ya Pemba enzi zake. Yeye kwenye nafasi ya mahali aliweka kistari tu. Vijana wakacheka: mzee masikio yamekwisha.

Tuliposahihisha, dada akapata sifuri kwenye kipengele hicho. Mzee naye sifuri.

Sifuri hizo mbili zilinifuata mpaka nyumbani, na zikakaa nami wiki kadhaa.

## Redio kwanza

Mimi ni fundi. Jambo likienda kombo mkono wangu unakimbilia bisibisi, si mtu. Kwa hiyo nilianza kwa kuituhumu redio.

Kisanduku chenyewe kimetengenezwa hasa kwa kazi hiyo. Kinatoshana na betri ya pikipiki, unakibeba kwa mkono mmoja. Ndani kuna transmita ndogo, betri, kadi yenye sauti zilizorekodiwa, na safu ya swichi za kupunguza nguvu. Antena hakina. Unachukua kebo, ncha moja kwenye kisanduku, ncha ya pili kwenye tundu la antena la redio unayoipima, na kuanzia hapo wewe ndiye bahari. Unakisogeza chombo mbali bila mtu kunyanyuka kitini. Kila ukiongeza desibeli 6 za kupunguza, volti zinazofika redioni zinabaki nusu. Ukiongeza 20, inabaki sehemu moja ya kumi.

Redio nzima ya VHF ya chombo cha baharini ikipewa robo ya mikrovolti bado inatoa maneno yanayoeleweka. Robo ya sehemu moja ya milioni ya volti, hebu fikiria.

Redio ya yule dada ilipita. Ilisikia mpaka pale inapotakiwa kusikia.

Nyingine, iliyofunguliwa kwenye boti asubuhi ileile na kuletwa kwangu ikiwa bado na chumvi, ilikaa kimya mpaka nilipoipandishia nguvu kufika mikrovolti 3 hivi. Nikasema hii imekufa. Kumbe nzima. Nobu ya skwelchi ilikuwa imezungushwa karibu mpaka mwisho.

Waliokesha na redio wanaijua nobu hiyo. Inaziba ule mchakacho usikupigie kelele wakati hakuna anayezungumza. Ukiizungusha kidogo inaziba kelele. Ukiizungusha sana inaziba na watu. Mwenye redio alinijibu wala hakuona haya: "Fundi, ile shhh usiku kucha, nani atalala?" Namwelewa. Lakini kati ya robo ya mikrovolti na mikrovolti 3 ni mara 12, na walioangukia humo ndani ndio hasa tunaowasubiri: yule aliye mbali, yule ambaye antena yake imevunjika, yule aliyeshika redio ya mkononi betri ikiwa inakata.

Umbali wenyewe si wa kuchezea. VHF inakwenda kwa kuonana, au tuseme kupita kidogo pale jicho linapoishia. Mafundi tunakadiria hivi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Antena ya nchi kavu iliyoinuliwa mita 25 inafika kilomita 20 na ushei. Mtu wa ngalawa mwenye redio mita moja juu ya maji anachangia 4. Jumla 25 hivi, mambo yakiwa mazuri. Kuna siku za joto, hewa imetulia, mawimbi yanabebwa juu ya maji mpaka yanafika kusikotarajiwa, lakini hizo ni bahati, si mpango. Pemba iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Tanga. Kwa hiyo katikati ya mkondo wapo watu ambao tayari hawatufikii. Haifai tuwaongezee wengine kwa kidole.

Hata kama kisanduku kingefichua hilo la skwelchi tu, kwangu kingekuwa kimerudisha pesa yake.

Ila Ushongo bado ilikuwa pale.

## Halafu kisanduku

Nikashusha nguvu mpaka chini kabisa, kisha nikang'oa kebo kwenye redio.

Sauti ikaendelea kusema.

Hafifu, lakini ipo. Maana yake mawimbi yalikuwa yanavuja kwenye maungio ya kasha na kwenye ile kebo ya bei poa, yanaingia redioni kwa njia ya panya. Swichi inatangaza robo ya mikrovolti, kumbe redio inapata zaidi ya hapo bila stakabadhi. Vipimo vyote vya chini vikawa porojo.

Nilijaribu kwanza kukitia kwenye sufuria yenye mfuniko. Haikusaidia, mfuniko wa sufuria haubani, na mawimbi hayahitaji mlango, upenyo unayatosha. Nilichopata ni maneno ya mwenye sufuria. Nikahamia kwenye kopo la bati la biskuti, nikaziba maungio kwa utepe wa shaba, nikabadilisha kebo nikaweka yenye wavu maradufu. Nikang'oa tena. Kimya.

Yeyote aliye na kifaa cha namna hii, kabla hujaamini namba zake, ng'oa waya usikilize.

Basi redio nzima, kisanduku kizima. Tukarudia zoezi. Safari hii neno lilikuwa Karange, na mezani nikakusanya Karange, Kwale, na Ulenge. Nikayatazama majina hayo muda mrefu. Yote ya huku kwetu. Hakuna aliyeandika Mafia, hakuna aliyeandika Kilwa. Kama ni kelele tu iliyokuwa inawavuruga, kelele hiyo iliijua vipi pwani ya Tanga?

## Kikohozi cha mwaka 1970

Kelele haikuwazuia kusikia. Iliwasikilizisha kitu kingine, kizima, kisicho na tundu.

Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Richard Warren, alichapisha jaribio ambalo kila mtu wa redio angelifanyiwa angalau mara moja. Alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata kipande cha sauti ndani ya neno moja, mahali pake akaweka kikohozi. Akawauliza wasikilizaji. Karibu wote walisema neno limetimia, hakuna kilichopungua. Kikohozi walikisikia, lakini hawakuweza kuonyesha kilipoangukia. Kilichokatwa, akili ilikwishakirudisha mahali pake kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kwenye redio hali ni mbaya zaidi. Sauti ya VHF inapitisha takriban hezi 300 mpaka 3,000, na herufi kama S, F na SH sehemu yao kubwa iko juu ya hapo, kwa hiyo zinafika zimekatwa kichwa. Juu yake weka mchakacho, ambao wenyewe ni shhh tupu. Sasa rudi kwa yule dada. Sikio lake limetega jina la mahali. Linapokea U. Linapokea shhh. Linapokea mdundo wa silabi tatu na king'ong'o katikati.

Ni nani asingeisikia Ushongo hapo? Kelele yenyewe ndiyo iliyomletea SH.

Kwenye namba kuna mtego mwingine. Sita na tisa zina herufi zilezile, zimebadilishana viti. Chini ya kelele watu sita wanakuwa tisa, na boti inabaki kuzunguka ikitafuta watatu ambao hawakuwahi kupanda. Au watu tisa wanakuwa sita, na hilo sitaki hata kulieleza.

Nikafanya ukatili kidogo. Nilimrekodi rafiki akiguna kwa mdomo uliofumbwa, kwa mdundo wa mtu anayeomba msaada, bila neno hata moja. Nikapitisha mguno huo chini ya kelele, nikawaambia waandike watakachosikia. Nikapata jina la boti. Nikapata idadi ya watu. Mmoja aliandika "injini imezima".

Mzee nahodha aliweka kistari.

## Swali la mzee

Wenzake walipokwenda kunywa chai nikamsogelea.

"Mzee, mbona wewe huandiki?"

"Niandike nini nami sikusikia?"

"Wenzio wameandika."

Akacheka. "Wenzangu wafanyeje? Hebu niambie, mwanangu. Mimi baharini nisiposikia namwambia mtu, rudia. Hiki kisanduku chako nitakiambia nini?"

Nimetengeneza redio miaka mingi. Swali hilo lilinikaa vibaya kuliko mzunguko wowote ulioungua.

Kisanduku hakijibu. Rekodi inasema yake, inalia tii, inahamia kwenye chombo kingine. Na sababu yake ni ya kiufundi kabisa, hakuna aliyekusudia ubaya. Redio ikiwa imechomekwa kebo, ukibonyeza kitufe cha kuzungumza unarudisha mpaka wati 25 ndani ya kifaa kilichozoea kucheza na vipande vya mikrovolti. Kinaungua papo hapo. Ndiyo maana maelekezo yake yanataka maikrofoni zichomolewe kabla ya kuanza. Tulikuwa tunazichomoa kwa utiifu, tunazipanga kwenye boksi kando.

Sasa tazama kilichobaki mezani. Mtu hawezi kuuliza. Fomu inataka jina la mahali. Anayekisia akakosa anapata sifuri, anayenyamaza anapata sifuri, ila anayekisia huenda akapatia. Mwenye akili timamu atafanya nini?

Atakisia. Na akikisia kila siku ya mafunzo, atakisia vizuri, haraka, kwa herufi kubwa, na mstari atapiga.

Dada hakuwa mzembe. Alikuwa mwanafunzi bora darasani. Somo tulilompa, bila kulitaja popote, ni kwamba kuuliza hakuna faida.

## Kazi mbili, si moja

Hapa ndipo msimamo wangu ulipobadilika, na najua kuna mafundi wenzangu hawatanielewa. Vifaa hivi vinauzwa kwa kazi mbili kwa pamoja: kupima redio na kufundisha watu. Mimi sasa naona ishara inayofaa kazi moja inaiharibu nyingine.

Redio inataka ishara isiyobadilika. Neno lilelile, nguvu ileile, leo na mwezi ujao, ili ukiona tofauti ujue tofauti hiyo ni ya redio. Kwa kazi hiyo kisanduku hakina mpinzani, na nitaendelea kukibeba.

Mtu anataka anayejibu.

Kwa hiyo upande wa watu niliacha mawimbi kabisa. Nilipitisha waya chini ya mlango mpaka chumba cha pili. Huko anakaa mtu na maikrofoni na karatasi yenye ukweli wote: jina la chombo, mahali, idadi, tatizo. Sauti yake inapita kwenye kichujio kinachobakiza hezi 300 mpaka 3,000, inakutana na kelele kwenye kichanganyio kidogo cha sauti, inaingia kwenye hedifoni za mwenye zamu. Kelele si ya kutengeneza. Niliirekodi kwenye redio halisi skwelchi ikiwa wazi, nikaongeza na mlio wa altaneta ya boti, ule wa kupanda na kushuka na mafuta. Maikrofoni zikatoka kwenye boksi, zikarudi mezani.

Kitu kimoja cha kisanduku nilikibakiza kwa makusudi, ile karatasi ya ukweli. Baharini hukosoleki. Ukisikia Ushongo, utabaki na Ushongo yako, pengine maisha yako yote, kwa kuwa hakuna nakala ya kilichosemwa. Darasani nakala ipo, na mtu anaweza kuwekewa mbele yake kile alichokuwa tayari kukiapia.

Mzee nahodha tukampa chumba cha pili. Alifurahi kupita kiasi. Alizama kwa Kimtang'ata, akamtaja marehemu mama yake, akamlalamikia mwenye chombo kwa kumnyima injini mpya, akasema kila kitu isipokuwa mahali alipo. Khaa! Lakini wanaokaa zamu wakaniambia ndivyo ilivyo hasa. Rekodi zetu za kisandukuni zilikuwa za watu waliosoma habari kwenye redio, kila jambo kwa mpangilio wake. Anayezama hana mpangilio.

"Nahodha, mahali ulipo. Mahali tu," dada alisema.

Mzee akaendelea na injini.

"Nahodha. Uko upande wa Tanga au upande wa Pangani?"

"Tanga! Tanga hapa, nauona mnara!"

Swali hilo halimo kwenye mwongozo wowote nilioupitia. Alilitunga palepale. Ulenge na Ushongo zinafanana chini ya kelele. Tanga na Pangani, mnara na mto, havifanani. Hakumtaka arudie neno lililokwisha kumezwa, alimtafutia neno ambalo kelele ingeshindwa kulimeza. Na huyu ndiye aliyekuwa na sifuri wiki chache nyuma.

Fomu nayo tumeigawa. Kuna safu ya "nilichosikia" na safu ya "ninachodhani", na kistari kina alama zake. Mwanzoni wote walijaza safu ya kwanza tu. Sasa hivi ya pili ndiyo inayojaa, na mimi hilo nalihesabu kuwa maendeleo, ingawa kwa mtu wa nje linaonekana kama darasa linazidi kutokuwa na uhakika.

Mfumo wa waya una kasoro, nisiusifu mno. Wakiita wawili kwa mpigo, kwenye kichanganyio unasikia wote wawili wamegongana. VHF ya baharini haiko hivyo. Inatumia FM, na kipokezi cha FM kikipata ishara mbili kinashika yenye nguvu na kumzima mnyonge, mara nyingi usijue kama alikuwepo. Ndege zimebaki na AM, na huko wawili wakigongana angalau unasikia fujo ukajua kuna wawili. Zoezi la kugongana, basi, tunalifanya kwa redio za kweli, na hapo kisanduku kinarudi mezani, maikrofoni zinatoka tena.

Na najua kuna atakayeniuliza habari ya kitufe chekundu. Ndiyo, redio mpya zina DSC, yaani wito wa kidijitali, ukibonyeza inatuma wito wa hatari kwa chaneli ya 70 pamoja na mahali ulipo, hakuna sikio linalohusika. Mradi GPS imeunganishwa. Mradi namba ya utambulisho imeingizwa. Fungua redio za boti kumi hapo diko la Deep Sea halafu tuzungumze.

## Uongo unaobebeka

Kuna jambo linanitia hofu kila ninapofunga zipu ya begi lenye kile kifaa. Kisanduku kinachoiga ishara ni kisanduku kinachosema uongo. Kikiwa na kebo, kinamdanganya anayetaka kudanganywa. Kivishe antena, kinadanganya ghuba nzima.

Mwaka 2013 timu ya Todd Humphreys wa Chuo Kikuu cha Texas ilipanda yoti ya mita 65, White Rose of Drachs, katika Bahari ya Mediterania, kwa ridhaa ya wenyewe. Walikuwa na kifaa cha ukubwa wa begi la mkononi kinachotengeneza ishara bandia za GPS. Ishara za kweli zinatoka kwenye setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu, zinafika zikiwa hoi, kwa hiyo kuzishinda hakuhitaji nguvu nyingi. Yoti ikapinda njia, na skrini pale mbele ya nahodha ikaendelea kuonyesha mstari ulionyooka. Hakuna king'ora kilicholia.

Ndiyo maana chaneli ya 16, ile ya kuitia msaada baharini, mimi siigusi hata ndani ya kebo. Kurusha mawimbi hewani bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa, hilo linajulikana, lakini hata pasingekuwa na sheria, kopo la biskuti linaweza kufunguka. Na kila rekodi inaanza na "zoezi, zoezi, zoezi".

Nilidhani hilo linatosha mpaka niliposoma habari ya Hawaii ya tarehe 13 Januari 2018. Ujumbe wa mazoezi ulianza hivyohivyo, zoezi mara tatu, ukaisha hivyohivyo. Katikati, kwa bahati mbaya ya mtunzi wake, ulikuwa na maneno kwamba hili si zoezi. Mfanyakazi mmoja akasema yeye la "zoezi" hakulisikia, alisikia la katikati. Simu za jimbo zima zikapokea onyo la kombora. Ilichukua dakika 38 kutuma ujumbe wa kulikanusha. Hapo hapakuwa na mchakacho wala mikrovolti, ni mtu na simu ndani ya ofisi. Sasa neno letu tunalirudia katikati ya kila wito, ingawa vijana wanalalamika linavunja ladha.

## Saa yenye rangi

Kitu ambacho bado sijakipatia dawa ni ukimya.

Kisanduku hakina subira. Wito, sekunde chache, wito mwingine. Mwenye zamu halisi anakaa usiku wa manane, hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka anaanza kuiona skwelchi ile kama rafiki. Zamani dunia ilikuwa na utaratibu wa kusikiliza kimya. Saa za vyumba vya redio melini zilipakwa rangi: dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48 kwa masafa ya 500 kHz, na dakika tatu za mwanzo wa kila nusu saa kwa 2182 kHz. Katika dakika hizo kila mtu anafunga mdomo, wote wanasikiliza kama kuna mnyonge anayeita. GMDSS, mfumo wa dunia wa mawasiliano ya hatari baharini, ulipokamilika tarehe 1 Februari 1999, mashine zikachukua zamu hiyo.

Ningependa kuwafundisha watu kusikiliza kitupu. Zoezi la saa nne ambalo pengine hakuna wito hata mmoja, au upo mmoja, saa ya tatu na nusu, hafifu. Nimelipendekeza. Nikaulizwa nani atalipia posho ya watu kukaa bila kusikia chochote. Wakati sina jibu la posho, nimefanya dogo lililo ndani ya uwezo wangu: nobu za skwelchi za redio zinazopita mikononi mwangu naziwekea alama ya rangi nyekundu. Usivuke hapo. Kuna wanaovuka.

## Mara ngapi?

Dada ndiye aliyeleta mzozo ambao bado unaendelea. Alisema: sawa, nisiposikia niulize. Niulize mara ngapi kabla sijatuma boti?

Mzee akamjibu kabla sijafungua mdomo. Tuma boti kwanza, kuuliza utauliza ikiwa njiani. Mtu anayezama hapotezewi muda kwa mahojiano.

"Njiani kwenda wapi, mzee?" dada akasema. "Kaskazini au kusini?"

Mwenye boti ya uokozi alikuwepo siku hiyo, na yeye alikuwa na swali lake: petroli ya nani?

Tumeandika rasimu. Wito wa kwanza ukiingia, hata kama mahali hapajulikani, boti inatoka gatini na kusubiri mdomoni mwa ghuba, ambapo njia ya kusini na ya kaskazini zinaachana. Mwenye zamu anaendelea kuuliza. Akishajaza safu ya "nilichosikia", boti inaelekea huko. Akibaki na safu ya "ninachodhani" peke yake, anamwambia nahodha wa boti kwamba anadhani, kwa neno hilohilo, na nahodha anaamua.

Mzee amesaini, dada amesaini. Mwenye boti anataka kwanza aandikiwe ni nani atamlipa siku ambayo, akiwa amekwisha kufika mdomoni, sauti itarudi safi kabisa na kusema injini imewaka, asanteni, tunaendelea na safari.

Kikao kingine Jumamosi.